Betri Iko Ngapi

Jumatatu, 4 Agosti

Benchi lile lile, nje ya chumba cha mashine, hospitali ya Wote. Mume wangu Kioko yuko ndani tangu asubuhi. Damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Jumatatu na Alhamisi, kila wiki. Wanawake wengine hapa husuka vyondo wakingoja waume zao. Mimi ni fundi wa nguo, nyuzi nimeziacha Kalamba. Hapa naandika.

Tumefika salama. Gari halijasumbua. Ni gari la Mwende, binti yetu wa Nairobi, alituletea bila kuombwa aliposikia baba yake anakwenda hospitali juu ya bodaboda. Haibridi, mtumba wa Japani. Lina injini ya petroli na lina betri kubwa nyuma ya kiti. Likitembea kwa betri halina sauti, hata mbuzi hawalipishi njia. Maandishi yake yote ni ya Kijapani. Ninachoelewa ni picha moja tu: betri yenye vipande vinane. Vikiwa vingi, kijani. Vikibaki viwili, rangi ya waridi.

Kioko hawezi kuiona. Sukari ilimla figo, halafu ikamla macho. Aliendesha lori la mifugo kutoka Tseikuru miaka na miaka, na Kalamba bado wanamwita Dereva. Macho yalipokwisha alinifundisha mimi kuendesha, nikiwa nyanya wa watu. Sasa anakaa kiti cha kushoto na kuamuru. Kona hiyo, punguza. Tuta liko mbele. Barabara anaijua kwa mgongo.

Na kwenye kila mteremko: "Weka fri." Yaani toa gia, gari lijiteremkie lenyewe, petroli isiliwe. Madereva wote wa huku hufanya hivyo, na wengine ni yeye aliyewafundisha. Kwenye gari hili fri ni herufi N. Naisukuma pale, tunateremka kimya.

Ana mchezo wake kwenye mteremko wa kuingia Kalamba. Fri kutoka juu kabisa, nisiguse breki, tuone gari litasimama wapi lenyewe. Husimama posho mill, kwenye kinu cha unga. Ananiuliza tumefika wapi, namwambia posho mill, naye anafurahi kama mtu aliyeshinda kitu. Kila safari.

Swali lake lingine ni betri iko ngapi. Nikisema imejaa, anatulia. Leo ilijaa.

Alhamisi, 7 Agosti

Sikupenda gari leo. Tukipanda kilima vipande vilishuka upesi, nane, tano, viwili. Rangi ya waridi. Injini ikapiga kelele kama mashine ya kukoboa. Nyuma ya kiti feni ikaanza kuvuma.

Nikamwambia. Akasema ni petroli ya kuchanganywa.

Halafu kabla hatujafika Wote vipande vikajaa vyote tena, ghafla. Hata mimi nilishangaa. Nikamwambia imejaa. "Si nilikuambia," akasema. "Hiyo gari iko sawa kuliko mimi."

Alitoka kwenye mashine akiwa amepauka. Hakula.

Jumapili, 10 Agosti

Leo kanisa lote limekuwa mafundi wa magari.

Nilifanya kosa la kumwambia Mama Kalondu wa kioski habari ya betri. Kabla ya ibada kwisha habari ilikuwa imefika kwa shemasi Mutiso. Kijana wake anauza chaja za simu sokoni, kwa hiyo Mutiso naye ni injinia. Akasema betri haijawahi kuchajiwa vizuri. Akasema ichajiwe mpaka ijae bila kutumiwa, kama simu mpya. Wazee wakatikisa vichwa. Wote wana simu, wote wanajua.

Tuliporudi nyumbani Kioko akataka ifanyike hivyo hivyo. Niliwasha gari chini ya mti wa uani. Akaniambia nisiliache kwenye gia, lisije likaruka likaingia jikoni. Weka fri. Nikaweka fri. Tukala, tukaosha vyombo, tukaketi. Injini inaunguruma, petroli inakwenda.

Nilipokwenda kuangalia, vipande vilikuwa viwili. Vilikuwa vinne tulipoanza.

Sikuelewa. Nilisimama pale na kitambaa cha vyombo mkononi, nikaangalia ile picha, na nilitaka kulia kwa sababu ya gari. Mambo yote niliyo nayo, halafu nilie kwa ajili ya gari.

Aliniuliza kutoka kivulini, betri iko ngapi. Nikasema inapanda. Ni mara ya kwanza kumdanganya kuhusu jambo hilo. Imekuwa rahisi mno.

Jumatatu, 11 Agosti

Muuguzi amemgombeza Kioko. Alikuja na maji mengi mwilini, miguu imevimba, kifua kinakoroma. Kikombe kidogo asubuhi, kikombe kidogo jioni, ndiyo ruhusa yake, na jua la huku linajulikana. Namfungia mtungi. Anaupata. Mtu asiyeona anasikia maji yalipo.

Muuguzi aliniangalia mimi wakati akisema. Kana kwamba mimi ndiye niliyekunywa.

Daktari alinivuta kando. Moyo umechoka, alisema. Mashine inavuta maji lakini moyo haupendi kuvutwa hivyo. Sikumuuliza zaidi. Niliogopa angejibu.

Alhamisi, 14 Agosti

Pembetatu nyekundu kwenye skrini. Na sentensi nzima ya Kijapani.

Nilisimama kando ya barabara. Kioko akasema nisome. Nisome nini? Nikapiga picha nikamtumia Mwende. Simu yake ikatafsiri, akanitumia: kuna hitilafu kwenye mfumo wa haibridi, simamisha gari mahali salama. Mahali salama. Palikuwa na miiba na punda mmoja.

Nikazima. Tukangoja. Nikawasha, pembetatu ikawa imeondoka. Tukaendelea mpaka hospitali.

Mwende ameulizia betri mpya Nairobi. Aliponitajia bei nilicheka. Hapa Wote fundi wa kwanza alisema ing'olewe hiyo betri, gari litembee kwa petroli tu. Wa pili akasema haliwezi kutembea bila hiyo betri. Waliachana wakitukanana. Kaka yangu Musyoka, anayekaa Matinyani, anasema Kitui mjini kuna fundi anayezijua haibridi kweli. Tutakwenda Jumamosi. Ni mbali, na Kioko ataumia njiani. Amekataa kubaki. Gari lake, anasema. Si lake, ni la Mwende, lakini nani atamwambia.

Jumamosi, 16 Agosti

Matinyani, nyumbani kwa Musyoka. Wamelala wote. Kioko amechoka, hata viatu nimemvua mimi.

Tulipofika mchana tulimwacha hapa kitandani, mimi na Musyoka tukaenda mjini. Fundi anaitwa Swaleh. Babu yake alitoka pwani akaja kuuza vitambaa Kitui, akaoa, akabaki. Swaleh amezaliwa hapa na Kikamba anakitema kutushinda, lakini akianza kueleza gari anarudi kwenye Kiswahili cha babu yake, na Musyoka huwa anamwigiza mpaka anakosa pumzi. Anapenda kusikika, huyo Swaleh. Alinieleza kana kwamba anahutubia harusi.

Aling'oa kiti cha nyuma. Kando yake kuna kitundu chenye wavu, sijawahi kukiona. Betri inapumulia hapo. Kilikuwa kimeziba kabisa. Vumbi jekundu, nywele, na maganda ya ndengu. Magunia yangu ya kupeleka sokoni. Nimebeba ndengu kwenye kiti hicho tangu gari lije, nikiyasukuma yakae vizuri pale pale. Feni ilikuwa ikivuma kwa kukosa hewa, nami nikaongeza sauti ya redio.

Hilo lilikuwa kosa dogo. Akachomeka kimashine chake, akanionyesha vipande vikipanda na kushuka.

"Mama, picha hii inakuonyesha betri imejaa kiasi gani," alisema. "Haikuonyeshi betri imebaki kubwa kiasi gani."

Nikamwambia ajaribu kueleza tena. Akauliza kama nyumbani tunachota maji. Nikasema tunachota. Akasema basi chukua mtungi, acha matope yaingie mpaka nusu. Utajaa upesi. Utakwisha upesi. Anayeangalia kwa juu ataona umejaa, afurahi.

Nilikuwa nimefurahi safari ngapi?

Akasema gari lenye afya halitaki betri ijae, wala halitaki iishe. Lenyewe linaishikilia katikati, vipande vitano, sita, siku nzima. Nane ikija mara kwa mara bila mteremko mrefu, jua betri imezeeka. Kumbe siku zote ile tano niliyoiona upungufu ilikuwa afya, na ile nane iliyotufurahisha ilikuwa ugonjwa.

Kisha akauliza tunateremkaje vilima. Nikasema kwa fri. Swaleh akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Kwenye gia, magurudumu yakiteremka yanarudisha chaji kwenye betri, alieleza. Kwenye N hakuna kinachorudi. Hata injini ikiwa inaunguruma hairudishi kitu. Betri inaliwa, hailishwi. Ule mteremko ndio mlo wake.

Nikakumbuka Jumapili, uani.

"Nani alikufunza kuweka fri?" akauliza.

Musyoka alikuwa ananiangalia. Anajua ni nani. Nikasema ni mimi tu, ujinga wangu.

Alisafisha feni. Akasema endesheni taratibu, msiweke fri tena, msizibe hewa. Itadumu? Akaangalia mbinguni kwanza. Labda miezi. Labda wiki. Seli zingine zimekufa na zilizobaki zinabeba mzigo wa maiti, ndivyo alivyosema.

Nimerudi, Kioko ameuliza fundi kasemaje. Nimesema vumbi. Ameridhika. Akasema Tseikuru vumbi lilikuwa linaua hata lori.

Siwezi kumwambia. Wamemnyang'anya chumvi, ndizi, maji, macho, lori. Fri ndiyo iliyobaki.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimefanya hivi. Juu ya mteremko wa kwanza akasema weka fri. Nikaigusa ile gia, nikaitikisa kidogo ili asikie, nikaiacha pale pale ilipokuwa. "Nimeweka," nikasema.

Gari likashikika kidogo, likaimba ile sauti nyembamba ya kurudisha chaji. Vipande vikapanda kimoja kimoja, kwa adabu. Swaleh alisema kweli.

Kioko aligeuza uso kuelekea dirishani. Akasema, "Hii gari imekuwa nzito."

Nikasema ni magurudumu, hayana upepo wa kutosha.

Tukirudi, kwenye mteremko wa Kalamba, tulisimama mbali kabisa na posho mill. Kabla sijakanyaga petroli tuendelee, akauliza tumefika wapi. Nikamwambia tumefika posho mill. Pale tuliposimama hakuna harufu ya unga. Nilijua hilo wakati maneno yameshanitoka.

Alhamisi, 21 Agosti

Hakusema weka fri. Mteremko wa kwanza, wa pili, wote. Alikunja mikono juu ya fimbo yake. Hakusema kona, hakusema tuta. Nililigonga tuta la sokoni, mifupa yake ikagongana nikasikia.

Muuguzi alimtania, Dereva umetuletea gari? Akasema dereva ni huyu mama. Mimi ni mzigo.

Betri sita kwenda, tano kurudi. Vizuri kabisa. Ningependa kulisukuma gari hilo mtoni.

Jumapili, 24 Agosti

Sikuenda kanisani. Nimewaambia nina homa. Sina homa. Sitaki kuombewa na sitaki kuulizwa gari linaendeleaje.

Jumanne, 26 Agosti

Amezungumza. Nilikuwa kwenye cherehani, napunguza sketi ya shule ya mtu. Akaja akipapasa ukuta mpaka mlangoni.

"Mama Mwende. Ulifikiria mimi nilikuwa naendesha na macho?"

Nikaacha kukanyaga cherehani.

"Nilijua siku ile ya kwanza. Gari ikiwa fri inaelea. Hiyo yako haielei."

Basi nikamwambia yote. Kitundu, magunia, mtungi wa matope, N, mlo wa betri. Nilimwambia hata ya kanisani na uani. Nilisema haraka haraka, nikitazama sindano. Nikamalizia kwamba nilimwambia fundi ni ujinga wangu. Sijui kwa nini niliongeza hilo. Labda nilitaka shukrani.

Hakunishukuru. Alikaa kwenye kiti cha wateja. Aliuliza jambo moja, ikijaa haraka ndiyo mbaya? Nikasema ndiyo. Akanyoosha mguu wake uliovimba, akaubonyeza kwa kidole, kikaacha shimo.

"Kama mimi mwenyewe," akasema, akajichekea.

Nimekasirika hadi sasa. Mtu si gari. Na sipendi alivyocheka.

Baadaye jioni alinidai kikombe chake cha maji, akanywa nusu, nusu akairudisha. Hajawahi kurudisha.

Alhamisi, 28 Agosti

Limekufa. Katikati ya kilima, kabla ya Wote.

Nilifanya kila kitu. Hakuna magunia. Hakuna fri, sasa kwa idhini yake, na alinisomea hata mashimo ya barabara tena. Madirisha wazi ili betri isipate joto. Betri sita. Halafu tatu, mbili, moja. Sijawahi kuona moja. Pembetatu. Gari likalegea chini yangu, na magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.

Watu walitusukuma mpaka kando. Nikampigia Swaleh. Akasema lizimwe lipoe, lisilazimishwe. Nikamwambia nina mgonjwa ndani ya gari na mashine inamngoja. Akasema pole mama. Hakuwa na hotuba.

Kioko juu ya bodaboda, mimi nyuma yake nikimshikilia, dereva mbele akiimba. Tulipofika zamu yetu ilikuwa imepita na mgonjwa mwingine ameshalazwa. Si kosa la mtu. Mashine ni chache, watu ni wengi, na yule aliyelazwa ni msichana mdogo kuliko Mwende. Ningemng'oa kwa mikono yangu. Niandike hivyo kwa sababu ndivyo nilivyotaka.

Wametuambia turudi Jumamosi.

Jioni tulipolirudia, gari likawaka bila shida, kana kwamba lilikuwa limepumzika tu. Betri nane. Imejaa. Nililitukana kwa Kikamba, matusi ya mama yangu.

Ijumaa, 29 Agosti

Hawezi kulala chali. Amekaa kwenye kiti, mito mitatu, kinywa wazi. Kila pumzi ina maji.

Jumamosi, 30 Agosti

Shemasi Mutiso alitupeleka kwa pikapu yake. Hakutoa ushauri wowote. Namsamehe chaja zote.

Wamemtoa kwenye mashine kabla ya wakati. Presha ilianguka, macho yakageuka, wakakimbizana. Nilisikia jina lake likiitwa mara nyingi na yeye haitikii. Halafu akaitikia.

Mwende amefika kutoka Nairobi. Daktari alituketisha sote wawili. Tunaweza kumleta mara tatu kwa wiki badala ya mbili, alisema, lakini moyo wenyewe hautabeba hata hizo mbili kwa muda mrefu. Mwende akauliza maswali mazuri, ya mtu aliyesoma. Kila swali lilikuwa na jibu na kila jibu lilikuwa lile lile. Alikwenda chooni akakaa huko. Nilisimama nje ya mlango nikishika mkoba wake.

Nilikuwa nimejiambia shida ni gari. Gari likitengemaa, mambo yatakaa. Nimeishi ndani ya uongo huo mwezi mzima na ulikuwa na joto zuri.

Jumanne, 2 Septemba

Amesema harudi kwenye mashine.

Alisema mbele ya wote ili asirudie. Mwende, Musyoka aliyekuja kutoka Matinyani, pasta, Mutiso. Pasta alisema tusikate tamaa, Bwana hajashindwa. Kioko akamsikiliza mpaka mwisho, ana heshima na watu wa Mungu.

"Pasta, mimi nimechoka kujazwa na kumwagwa," akasema. "Wacha nikae nyumbani."

Pasta akaomba, sala fupi, nikamheshimu kwa hilo.

Walipoondoka nilimvamia kwa maneno. Nikamwambia ni mwoga. Nikamwambia nimejifunza kuendesha gari uzeeni, nimegonga geti la shule, nimechekwa na wavulana wa bodaboda, yote kwa ajili yake, na sasa anashuka njiani. Nikasema, na mimi unaniacha na nini, na gari bovu?

Akanyoosha mkono akanitafuta hewani. Nilimwacha anitafute kidogo. Nilikuwa na hasira hivyo. Halafu nikausogelea.

"Ndengu peleka sokoni na bodaboda," akasema. "Hiyo gari muachie Swaleh."

Tulicheka. Mwende aliingia akatukuta tunacheka akadhani tumerukwa na akili.

Jumatano, 3 Septemba

Nimepunguza sketi tatu. Nimekosea mbili.

Mwende alitaka kumshawishi tena. Nikamzuia. Nimeshangaa kwamba ni mimi niliyemzuia.

Alhamisi, 4 Septemba

Tumekwenda Wote mara ya mwisho. Si kwa mashine. Daktari alitaka kumwona, ampe dawa ya kumsaidia kupumua na ya maumivu, na anieleze namna ya kumpa. Mutiso alijitolea pikapu. Kioko akakataa. Alitaka gari lake. Mwende akaniangalia, nikasema litatufikisha. Sikuwa na uhakika huo wala nusu yake. Mutiso alitufuata nyuma taratibu na kamba ya kuvutia, Mwende akiwa naye.

Lilitufikisha. Lilizimika mara moja tu njiani, likapoa, likawaka.

Daktari alimshika Kioko mkono muda mrefu. Muuguzi yule mkali alitusindikiza mpaka nje, akamfunga Kioko mkanda yeye mwenyewe, akarudi ndani bila kuaga.

Kurudi, aliamuru njia nzima. Sauti ndogo, pumzi katikati ya maneno, lakini hakukosa hata tuta moja. Kona. Punguza. Shimo kushoto. Niliendesha vizuri. Sijawahi kuendesha vizuri hivyo.

Tukafika juu ya mteremko wa Kalamba. Jua lilikuwa bado juu ya kilima cha Nzaui. Alikunja mikono juu ya fimbo, kama zile siku.

Betri mbili, rangi ya waridi. Kama betri hiyo ilikuwa na mlo mmoja uliobaki duniani, ulikuwa huo mteremko.

Nikasukuma gia kwenye N.

Ile sauti nyembamba ikakatika. Gari likaelea. Kioko akainua kichwa.

"Umeweka," akasema.

"Nimeweka."

"Usishike breki."

Sikushika. Tuliteremka kwa upepo tu, madirisha wazi, vumbi likiingia. Tulipita shule, tukapita kioski cha Mama Kalondu, akatupungia mkono nikashindwa kumpungia. Kule chini barabara inalala. Gari likapunguza mwendo, likapunguza, likaviringika hatua za mwisho polepole, likasimama lenyewe.

Hakuuliza betri iko ngapi. Aliuliza tumefika wapi.

Nikamwambia posho mill. Mashine ilikuwa inasaga, harufu ya unga ikaingia, akaivuta kwa pua.

"Nesa," akasema, yaani vizuri.

Mutiso alisimama nyuma yetu na kamba yake. Nilimfanyia ishara angoje. Tukakaa hapo.